Pumzi Iliyokuwa Kwenye Kaseti

Mjukuu wangu ana simu isiyopumzika. Asubuhi kabla hajaniamkia, ataniambia mwimbaji wake kanunua gari, au kaachana na mchumba, au kanyoa nywele na sasa watu wanagombana huko ndani ya simu, hawa wanasema kapendeza, hawa wanasema kaharibu. Nikimuuliza, "Wewe wamjua huyo?" anajibu, "Bibi, mimi namjua kuliko anavyojijua mwenyewe."

Mimi hucheka. Maneno hayo hayo niliyasikia nyumbani kwetu Likoni miaka ya themanini, na aliyeyasema ni mamangu mzazi. Simu tuliyoijua wakati huo ilikuwa ile ya kibanda, ya kutia senti, na nusu ya mwaka ilikuwa imekufa.

Basi nitaeleza, ila mnivumilie. Mimi skuli niliishia darasa la tatu, kisha nikawekwa nyumbani nijifunze kupika, na mazungumzo yangu hayaendi njia moja. Nikisimulia habari ya wali huanzia kwenye kuni.

Babangu alikuwa fundi cherehani. Duka lake lilikuwa baraza ya nyumba yetu, cherehani moja ya kukanyaga na kabati la vioo lenye kanzu zilizokuwa zikisubiri wenyewe. Alishona kanzu na sare za skuli, na Ramadhani ikikaribia tulikuwa hatumwoni uso, twaona kisogo tu. Alikuwa na pumu. Si ile ya kumwangusha mtu, bali ya kumfuata kama kivuli. Akivuta pumzi kwa ndani, mwisho wake palikuwa na kamluzi kadogo, utadhani kuna mtu nyumba ya tatu anaita paka. Sisi watoto tulijua baba yuko wapi ndani ya nyumba kwa kale kamluzi.

Mamangu naye alikuwa na mwimbaji wake. Sitamtaja, na mtu wa pwani wa umri wangu asisumbuke kukisia. Alikuwa mwimbaji wa taarabu, anaishi kisiwani Mombasa, ng'ambo tu ya kivuko, na mamangu alimpenda mapenzi ambayo mimi sikuwahi kuyaona tena mpaka alipozaliwa huyu mjukuu wangu. Alijua rangi anazozipenda. Alijua kuwa hali samaki wa aina fulani. Nani alimwambia? Wanawake wa msikitini, wa kisimani, wa foleni ya mafuta ya taa. Habari zilivuka na feri zikafika kwetu zimeongezeka uzito. Kulikuwa na picha yake, imekatwa kwenye kalenda ya duka la nguo, mamangu akaitia fremu ya kioo na kuitundika sebuleni, na sisi wanawe hatukuwa na picha hata moja ukutani.

Babangu hakuona wivu. Aliigeuza mzaha. Akiingia kula mchana husimama mbele ya ile picha na kusema, "Hujambo, bi mdogo? Bi mkubwa kakupikia nini leo?"

Mamangu hujibu kutoka jikoni, "Bi mdogo hapiki. Kazi yake kuimba, kazi yako kusikiliza, kazi yangu kuwalisha nyote wawili."

"Nami nalipa kodi ya nyumba ya wake wawili, na mmoja sijamuona nyayo!"

Na kweli hawakuwahi kumuona. Babangu alimuahidi mamangu kumpeleka kwenye harusi yoyote atakayoimba yule bibi. Kila ikitokea, kunazuka jambo. Mara mimi nashikwa na surua, mara kanzu za watu hazijaisha, mara feri imeharibika katikati ya maji na watu wamesimama ufukoni kama mizigo. Mwisho wake ikawa ni msemo tu wa nyumbani. Mtu akiahidi kitu ambacho hakiji, twamwambia, "Hii ni harusi ya bi mdogo."

Sasa kuhusu kaseti.

Mjomba wangu, aliyekuwa baharia, alituletea radio kaseti, ile yenye mkono wa kubebea na vitufe mbele kama meno. Barazani ndiko ilikokaa, juu ya kabati la vioo. Babangu aliurekodi wimbo mmoja wa yule bibi kutoka kwenye radio, na tangu siku hiyo ukapigwa mpaka hata cherehani ilikuwa kama inaufuata. Katika ubeti wa tatu palikuwa na mahali ambapo sauti inakatika ghafla. Ala zinakatika pia. Kimya. Halafu inasikika pumzi moja inavutwa kwa ndani, ndefu, imechoka, inaishia kwa sauti nyembamba mno. Kisha sauti inarudi na wimbo unaendelea.

Nawaambia, ile pumzi iliwaliza watu mtaa mzima.

Mamangu ndiye aliyeanza. Alisema, "Hapo kalia. Yule bibi kashindwa, akasimamisha hata wapigaji, akavuta pumzi, akajikaza." Wenye kuja kupima nguo wakaambiwa, nao wakasikiliza, wakashika vifua. Wakataka kunakili. Babangu alikuwa mkarimu wa kaseti. Ukimletea tupu, hukunakilia kwa kuazima radio ya pili kwa jirani. Hivyo ile pumzi ikatoka barazani kwetu ikaenda Likoni yote, mpaka Mtongwe. Wanawake wakifua nguo wanauimba ule wimbo, wakifika pale wananyamaza wote, wanavuta pumzi, halafu wanaendelea. Hakuna aliyewafundisha. Ukipita nje ya ua unasikia maji ya kufulia tu, na wao kimya, kisha pumzi, kisha wimbo. Hata mimi niliuimba hivyo kwenye mazishi ya paka wangu, Mungu anisamehe.

Kisha wakaanza kujiuliza, alilia nini? Kila mtu na lake. Wa kwanza alisema yule bibi aliachwa na mume siku ile ile ya kurekodi. Wa pili akasema si mume, ni mtoto aliyemzika. Kuna aliyeapa kuwa bintiamu wa mke wa mpiga fidla ndiye aliyemhadithia. Mamangu hakukubali hata moja. "Mimi namjua yule bibi kuliko anavyojijua. Alimkumbuka mtu. Siku nikimuona nitamuuliza hilo tu, basi. Sitaki lingine kwake."

"Kameza mate," babangu alisema kutoka kwenye cherehani. Hilo ndilo lililokuwa jibu lake miaka yote. "Binadamu humeza mate."

"Huna moyo wewe."

"Ninao, ila una pumu." Na hucheka, kucheka kule kwake kwa kukohoa, mpaka mamangu amletee maji.

Shangazi yangu aliyeolewa Kisauni alikuja siku moja na kaseti yake ya kununua dukani, yenye karatasi na picha. Tukaitia. Ubeti wa tatu ukafika, ukapita mfululizo bila kukatika, tena mna maneno pale. Tulimtazama kwa huruma. Mamangu akamwambia, "Wifi yangu, umeuziwa bandia. Wamechukua maneno mahali wakazibia pumzi ya mtu." Shangazi alirudi Kisauni na aibu yake, na kaseti yetu akanakiliwa. Nakumbuka babangu siku hiyo alicheka mpaka ikabidi aende kulala.

Miaka ikaenda, sisi wote tukaolewa, mimi nikaachika nikarudi nyumbani. Hilo ni jambo refu na halina utamu, tuliache. Tukaingia miaka ya tisini, na babangu akafariki. Alikufa kwa utulivu, baada ya alasiri, uzi bado umo kwenye sindano.

Mamangu akaingia eda. Kwa asiyejua, mjane kwetu hukaa ndani ya nyumba miezi kadhaa baada ya kufiwa na mume. Hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hajitii manukato, wala hakai na wanaume wasio maharimu wake, wale wanaoweza kumuoa. Picha za ukutani tulizigeuza zitazame ukuta, na ya bi mdogo nayo ikageuzwa. Radio ikafunikwa leso. Mamangu alikaa chumbani na tasbihi yake, na hakulia. Watu walimsifu kwa subira. Mimi niliyelala naye chumba kimoja sikumsifu, niliogopa. Alikuwa anasikiliza. Usiku nilimuona amekaa kitandani, kichwa kakiinamisha upande, kama mtu anayengoja hodi. Nikajua anachokingoja. Chumba kilikuwa kimya upande ule wa kitanda.

Katikati ya eda, jirani wa nyumba ya pili akawa anamuoza bintiye. Kwetu huwezi kupiga ngoma karibu na nyumba yenye msiba bila kwenda kuomba radhi. Akaja, akaketi kwenye mkeka, akazunguka maneno mpaka nikamhurumia.

"Dada, harusi ilikuwa imeshapangwa kabla ya haya. Wewe ukisema tusipige, wallahi hatupigi. Tutasoma maulidi yaishe."

"Pigeni," mamangu alisema. "Marehemu alikuwa mtu wa kupenda watu wafurahi."

Jirani akasita. "Siku ya kupamba, jioni, yuwaja kuimba yule bibi." Akaangalia fremu iliyogeuzwa. "Bibi yako."

Nilimuona mamangu akishika tasbihi asiisogeze. Ile harusi ya bi mdogo ilikuwa imekuja mwishowe, tena ukuta kwa ukuta, na yeye haruhusiwi kuvuka kizingiti.

"Pigeni," akarudia. "Nitamsikia kutoka hapa."

Watu hawakukosa la kusema. Mmoja alininong'oneza, "Mumewe hajapoa, kakubali taarabu!" Nikamwambia ende akamwambie mwenyewe, hakwenda.

Siku ya kupamba ikafika. Kupamba ni sherehe ya wanawake watupu, bi harusi anakalishwa juu aonekane. Tangu mchana mtaa ulinuka udi na viazi vya kukaanga. Wanawake walipita dirishani wamevaa dhahabu, wakifika kwetu wanashusha sauti. Mamangu alikuwa anachambua mchele. Mimi nilimwambia, "Mama, nitakwenda nimtazame kwa macho yangu mawili, nije nikueleze kila kitu, hata kucha."

"Kaeleze wewe mwenyewe moyo wako," akasema. "Mimi nilitaka kumuuliza, sikutaka kuelezwa."

Baada ya sala ya alasiri, ikapigwa hodi.

"Hodi wenyewe." Sauti nene kidogo, taratibu.

Mkono wa mamangu ukasimama ndani ya ungo. Akasema, "Karibu, mwanangu, pita ndani," na akanitazama mimi jicho kali, jicho la kuniambia nifunge mdomo, na mimi wakati huo sijafahamu kwa nini.

Akaingia jirani yetu, na nyuma yake mwanamke mnene wa makamo kwenye buibui la kawaida, viatu vya raba, miguu imevimba kama ya sisi sote. Wakapeana mikono ya taazia. Jirani akasema, "Dada, mgeni wangu huyu kakataa kushika kipaza sauti mpaka aje kwako kwanza. Kasema hapiti mlango wenye msiba akaenda kuimba." Kisha jirani akarudi mbio, maana wapishi wake walikuwa wakiitana kwa makelele.

Mgeni akafunua uso. Nikaketi pale pale sakafuni. Nilijua uso ule tangu sijajua kusuka nywele zangu. Mamangu yeye alikuwa ameshaijua sauti tangu kwenye hodi.

"Mungu akupe subira, dada," akasema. "Nami nilikaa eda, mara mbili. Najua chumba kinavyokuwa kikubwa."

"Amin. Lete maji ya kunywa," mamangu akaniambia, nami nilikuwa nataka kukimbia niuite mtaa wote. "Na usipitie nje."

Niliporudi na maji nilimkuta yule bibi kavuta ungo wa pili, anachambua mchele. Hivyo hivyo, bila kuambiwa. Wakawa wawili, wanatupa vijiwe kwenye kisahani, wanaongea habari za magoti. Mamangu hakumwambia kuwa anamjua. Miaka yote ile ya kujua rangi zake na samaki wake, kapata kukaa naye mkeka mmoja, na anamuuliza dawa ya magoti! Mimi sikuweza kuvumilia. Macho yangu yakaenda kwenye fremu iliyogeuzwa, yakarudi, yakaenda tena. Yule bibi akanyanyuka mwenyewe, akaigeuza.

"Eh!" akasema. "Huyu kumbe yuko hapa. Alikuwa mwembamba huyu, si mchezo."

Mamangu akaona haya kama mwari. "Mume wangu alikuwa akikuita bi mdogo. Utusamehe."

"Bi mdogo!" Akacheka mpaka akakaa. "Na mahari yangu iko wapi?"

Ndipo mamangu akaweka ungo chini. "Mwenzangu, nina neno moja. Nimeliweka miaka, na siku ya leo si siku yake, lakini siku nyingine sitapata. Pale kwenye ubeti wa tatu, uliponyamaza. Ulimkumbuka nani?"

"Wapi?"

Mamangu akamwambia. Yule bibi akaurudia ubeti kwa midomo tu, akatikisa kichwa. "Sikunyamaza hapo mimi. Hapo pana maneno mawili, 'usiku kucha'. Maneno ya kujazia, shairi lilikuwa limepungua."

Mamangu akaniangalia. Sikujua kama yafaa, nyumba ya eda, lakini nilikwenda nikaifunua ile radio, nikaileta chumbani, nikaitia kaseti, sauti chini kabisa. Tukainama wote watatu. Ubeti wa tatu ukafika. Sauti ikakatika. Ikaja ile pumzi, ikavutwa, ikaishia kwa kale kamluzi.

"Irudishe," yule bibi akasema. Nikairudisha. Akasikiliza macho kafumba, kwa sikio la mtu ambaye kazi yake ni pumzi.

"Dada," akasema pole pole, "hii si mimi. Hii ni pumzi ya mwanamume. Nani alikuwa akiishika radio hii? Hizi ukibonyeza kitufe chekundu kwa bahati mbaya wakati wa kupiga, hufuta wimbo na kurekodi chumba. Mwanangu kaniharibia kaseti chungu nzima namna hii. Mtu kabonyeza, kaona kakosea, kavuta pumzi, kaachia."

Mamangu akanyoosha mkono mwenyewe, yeye ambaye hakuwahi kugusa vile vitufe kwa kuogopa kuharibu, akairudisha kidogo. Ikapita tena. Miaka yote alilala kando ya pumzi ile, na hakuitambua, kwa sababu ilikuwa imekaa ndani ya wimbo wa mtu mwingine. Nami vilevile, mimi niliyekuwa nikiifuata nyumbani kama kengele.

"Alijua," akasema. "Kameza mate, ati! Mzee yule alijua!" Akaanza kucheka, na ndani ya kucheka akalia. Akalia kile kilio alichokuwa hajakilia tangu jeneza litoke mlangoni. Yule bibi alimvuta kichwa akakilaza kwenye buibui lake, akawa anampigapiga mgongo kama mtu anayebembeleza mtoto. Walipokuja kumwita kutoka kwa jirani, nilisema mlangoni, "Mgeni anaswali." Mungu anajua haikuwa mbali sana na kweli.

Alipoinuka, alitia maji usoni, akafunga ushungi. Mlangoni akamuuliza mamangu, "Ungependa nikuimbie upi?"

"Uimbie harusi," mamangu akasema. "Mimi umeshanipa."

Sikwenda kwa jirani. Nilikaa na mamangu chini ya dirisha, pazia tumelishusha. Vigelegele vikapasua hewa alipopanda, wanawake wanaitana, "Ndiye! Ndiye yule! Mwone alivyovaa!" Watu walipigana vikumbo kumgusa nguo, na buibui lake lilikuwa bado na machozi ya mamangu begani, huko nyuma alikolitundika.

Aliimba kadhaa. Kisha ala zikaanza ule wetu, na mtaa mzima ukaupokea naye kutoka ubeti wa kwanza, wanawake wote wa kufua na wa kisimani, wanauimba kama walivyouchukua kutoka barazani kwetu. Nikashika mkono wa mamangu. Ubeti wa tatu ukaingia. Nilifikiri, sasa atapitiliza na 'usiku kucha' yake, na hawa wote watabaki nyuma wamevuta pumzi, waonekane wajinga.

Akafika pale, akanyamaza. Nadhani aliwaashiria wapigaji kwa mkono, maana fidla nayo ilikatika. Na wanawake wote wakanyamaza naye, kwa mazoea yao, hawana habari. Kikawa kimya hicho mpaka nikasikia mafuta ya wapishi yakichemka uani. Halafu kwenye kipaza sauti ikavutwa pumzi moja, ndefu, taratibu, na mwisho wake akautia kamluzi.

Mamangu alikuwa kainamisha kichwa upande, kama usiku zile zote. Ila safari hii alitabasamu.

"Haya," akaliambia dirisha, kwa sauti ile aliyokuwa nayo akimpelekea mumewe maji. "Endelea sasa."

Na huko nje wakaendelea.